Jibu la Namba Tasa Lina Thamani Gani Kabla Halijakaguliwa?

Tarehe 11 Oktoba 2024, kadi moja ya GPU iliyokuwa Dublin, Ireland, ilimaliza hesabu ndefu na kutoa dalili kwamba 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 ni namba tasa. Kesho yake kadi nyingine, ya San Antonio, Texas, ikaipima namba hiyohiyo kwa njia tofauti na kufikia jibu lilelile. Hata hivyo tangazo halikutoka hadi tarehe 21. Katika siku hizo hesabu ilirudiwa kwenye mashine nyingine, kwa programu zilizoandikwa na watu wengine. Namba yenyewe ina tarakimu 41,024,320. Ukiichapa kwa tarakimu 3,000 kila ukurasa, unapata kitabu cha kurasa zaidi ya 13,600. Rekodi iliyovunjwa, ya Desemba 2018, ilikuwa na tarakimu 24,862,048.

Habari nyingi zilikomea kwenye ukubwa huo na kwenye wingi wa kadi zilizotumika. Mgunduzi wa namba hiyo, Luke Durant, mhandisi aliyewahi kufanya kazi NVIDIA, alikusanya maelfu ya GPU za kukodi katika vituo vya data 24 vilivyoko nchi 17. Sifa anazopewa anazistahili. Lakini kwa anayefuatilia programu zenyewe, hatua kubwa iliyopigwa katika fani hii ndani ya miaka kumi hivi iliyopita iko kwingine: programu imejifunza kujikagua ikiwa katikati ya kazi, na mtu aliye mbali ameweza kuhakikisha jibu bila kurudia kazi nzima. Kwa msomaji wa Arusha jambo hili lina uzito wa pekee. Kwenye mbio za kasi hatuna ubavu. Kwenye ukaguzi tunao, na nitajaribu kuonyesha kwa nini.

Kwanza tuone kupima kwenyewe kunavyokwenda. Shuleni tulifundishwa kuigawa namba kwa 2, kwa 3, kwa 5, tukiendelea hivyo mpaka kwenye kipeuo chake cha pili. Kwa namba za daftari njia hiyo inatosha. Kwa namba ya tarakimu 309, ambayo ndiyo saizi ya kila moja ya zile namba tasa mbili zinazofichwa ndani ya ufunguo wa biti 2048 wa RSA, mfumo wa usimbaji fiche, hata kompyuta zote duniani zikiunganishwa hazitamaliza. Kwa hiyo programu haihangaiki kutafuta vigawo. Inaiuliza namba swali ambalo namba tasa haina budi kulijibu kwa namna moja tu.

Swali la msingi ni la Pierre de Fermat, la mwaka 1640. Kama n ni namba tasa, chukua namba yoyote isiyogawanyika kwa n, ipandishe kwenye kipeo n − 1, kisha gawanya kwa n: baki ni 1, daima. Tuijaribu 91 kwa kutumia 3. Tunatafuta baki ya 3⁹⁰ ikigawanywa kwa 91. Ukubwa wa kipeo usikutishe: 3⁶ ni 729, na 91 mara 8 ni 728, kwa hiyo 3⁶ inabakiza 1. Na kwa kuwa 90 ni 6 mara 15, 3⁹⁰ nayo inabakiza 1. Namba 91 imefaulu. Lakini 91 ni 7 mara 13.

Gary Miller mwaka 1976 na Michael Rabin mwaka 1980 walitengeneza dawa ya udanganyifu huo kwa kuchungulia nusu ya njia. Badala ya kipeo 90, tazama kipeo 45. Tunajua 3⁴² inabakiza 1, kwa hiyo 3⁴⁵ inabakiza sawa na 3³, yaani 27. Zidisha 27 kwa 27, unapata 729, na baki ni 1 tena. Hapo 91 imekamatwa. Namba inayopimwa ikiwa tasa, ziko baki mbili tu ambazo zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe huacha 1: baki 1, na ile inayopungukiwa moja kufikia namba inayopimwa, ambayo hapa ni 90. Sisi tumepata ya tatu, 27. Na ukitazama majirani zake, 26 inagawanyika kwa 13 na 28 inagawanyika kwa 7. Vigawo vilivyojificha vimejitokeza vyenyewe. Nimeiandika hesabu hii yote kwa sababu inaenea nusu ukurasa wa daftari na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuirudia kwa kalamu, na ndani yake mna kiini cha kinachofanyika kila seva inapotengeneza ufunguo mpya wa RSA.

Rabin alithibitisha kwamba namba isiyo tasa inaweza kufaulu jaribio hili kwa si zaidi ya robo ya namba za kujaribia. Ukichukua 10 tofauti, uwezekano wa kudanganywa na zote ni chini ya 1 kwa 1,048,576. Sharti ni kwamba zichaguliwe kwa bahati nasibu ya kweli, na sharti hili ndilo lililopuuzwa. Waandishi wengi wa programu waliweka orodha ya kudumu: jaribu 2, 3, 5, 7, 11 na kadhalika. Inakwenda vizuri pale namba inapotoka kwa mtu asiye na nia mbaya. Mwaka 1995 François Arnault aliunda namba ya tarakimu 397 isiyo tasa inayofaulu jaribio hilo kwa kila namba tasa iliyo chini ya 307. Mwaka 2018 Martin Albrecht, Jake Massimo, Kenneth Paterson na Juraj Somorovsky waliyachukua maarifa ya aina hiyo na kuyaelekeza kwenye maktaba za programu zinazotumika duniani kila siku. Kadhaa zilidanganyika. GMP, maktaba ya namba kubwa inayotegemewa na programu zisizohesabika, ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Toleo lake la 6.2.0, la Januari 2020, liliongeza jaribio la Baillie–PSW, ambalo linaunganisha lile la Miller na Rabin na jingine lenye asili kwa Édouard Lucas. Kwa namba zote zilizo chini ya 2⁶⁴ limekaguliwa na halijawahi kukosea. Juu ya hapo hakuna aliyepata namba ya kulidanganya, na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Nasisitiza kisa hicho kwa sababu kinatugusa hapa. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayotambua saini ya kielektroniki. Kijana anayeandika mfumo wa malipo ya ushirika wa kahawa au wa hoteli ya watalii, akiwa Njiro au Sakina, haandiki jaribio la namba tasa mwenyewe. Anaita amri moja kutoka kwenye maktaba na anajibiwa ndiyo au hapana. Hilo ni sawa kabisa, na ni salama kuliko kujitungia. Tatizo huanza pale anapochukua msimbo wa kurasa mbili kutoka kwenye kitabu cha mazoezi, wenye orodha ya kudumu ya namba za kujaribia, na kuuweka kwenye mfumo unaopokea namba kutoka nje. Msimbo huo utafaulu kila jaribio la darasani. Utashindwa siku mtu anayejua kazi ya Arnault atakapoutumia vibaya, na hakuna taa nyekundu itakayowaka.

Na namba ikiwa tasa kweli, bado hatujamaliza. Mwaka 2017 watafiti waligundua kwamba maktaba ya kampuni ya Infineon, iliyokuwa ndani ya chipu za kadi nyingi duniani, ilikuwa ikitengeneza namba tasa halali kabisa lakini kwa fomula iliyobana mno. Aliyejua umbo la fomula angeweza kupasua ufunguo kwa gharama ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Estonia ililazimika kusimamisha vyeti vya kielektroniki vya kadi za utambulisho takribani 750,000. Jaribio la utasa lilijibu sawasawa. Hakuna aliyeuliza namba zilipatikanaje.

Sasa tupande kwenye majitu, zile namba za mamilioni ya tarakimu. Hizi hazilindi siri ya mtu yeyote. Zinatafutwa kwa sababu zipo na kwa sababu utafutaji wake umezaa mbinu ambazo wengine wamezitumia kwingine. Zile za umbo la 2ᵖ − 1 zinaitwa kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyechapisha orodha yake mwaka 1644. Orodha hiyo ilikuwa na makosa. Ilisema 2⁶⁷ − 1 ni tasa, na zaidi ya miaka 200 ikapita kabla Lucas hajaonyesha, mwaka 1876, kwamba siyo. Vigawo vyenyewe, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilitolewa na Frank Nelson Cole mwaka 1903. Jina la Mersenne lilikuwa kubwa, na orodha ikaheshimiwa kwa ajili ya jina.

Lucas aliacha njia ya kupima iliyonyooshwa na Derrick Lehmer katika miaka ya 1930. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba inayopimwa, chukua baki. Rudia mara p − 2. Ukiishia kwenye sifuri, namba ni tasa. Usipoishia hapo, siyo. Kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1, unarudia mara tatu: 4 inatoa 14, 14 inatoa 194, ambayo baki yake ni 8, 8 inatoa 62, ambayo ni 31 mara mbili kamili. Sifuri. Kwa namba ya Durant unarudia mara 136,279,839, na kila mara unazidisha namba ya hadi tarakimu milioni 41 kwa yenyewe.

Kuzidisha namba hizo kwa njia ya shule kungehitaji vizidisho vya tarakimu zaidi ya trilioni 1,600 kwa hatua moja tu. Kinachookoa ni mbinu ya kugeuza namba kuwa mawimbi, kuzidisha mawimbi, kisha kuyarudisha kuwa namba. Richard Crandall na Barry Fagin waliiboresha mwaka 1994 ili kugawanya kwa namba ya Mersenne kupatikane humohumo, bila kazi ya ziada. Miaka miwili baadaye George Woltman alianzisha GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa za Mersenne, kwa programu yake ya Prime95, na tangu hapo kazi kubwa ya waandishi imekuwa kuikamua mbinu hiyo kwenye kila prosesa mpya. Mihai Preda aliipeleka kwenye GPU kwa programu ya GpuOwl, ambayo Durant aliitumia. Ernst Mayer aliandika Mlucas, inayokwenda hata kwenye prosesa za ARM, jamii ya zile zilizomo kwenye simu za mkononi. Mayer alifariki mwaka 2023. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Lakini mawimbi hayo yanahesabiwa kwa desimali zenye kikomo. Mwisho wa kila hatua kompyuta inapata, tuseme, 5,318.07 na kuikadiria kuwa 5,318. Ikipata 5,318.49, hakuna ajuaye kama jibu ni 5,318 au linalofuata. Mwandishi anayetafuta kasi huongeza biti katika kila desimali, kama 18 hivi kwa namba za saizi hii, na kila biti anayoongeza inamsogeza karibu na nusu ile ya hatari. Kuna pia makosa ya vyuma: kumbukumbu iliyochoka, feni iliyojaa vumbi, umeme unaopanda na kushuka. Kosa moja la biti moja katika hatua ya milioni 3 linaharibu hatua zote zinazofuata, na mwishoni unapata namba ndefu inayofanana na jibu lolote la kawaida. Kwa miaka mingi GIMPS iliishi na ukweli kwamba asilimia chache ya majibu yake ya kwanza yalikuwa na makosa. Dawa ilikuwa kuwapa watu wawili hesabu ileile na kulinganisha, yaani kulipa bei mara mbili.

Mwaka 2017 Robert Gerbicz wa Hungaria alipendekeza ukaguzi ambao kwangu ndio wazo zuri kuliko yote katika eneo hili tangu mbinu ya 1994. Unafanya kazi kwenye jaribio la Fermat, ambapo kila hatua ni kuzidisha namba kwa yenyewe basi. Kila baada ya hatua 1,000, chukua thamani uliyofikia na uizidishe kwenye zao moja unaloliweka pembeni. Hesabu inadai hivi: zao hilo likizidishwa kwa lenyewe mara 1,000 mfululizo, kisha likazidishwa kwa namba ya kuanzia, lazima litoe zao la pembeni la kituo kinachofuata. Mweka hazina wa kikoba anayetunza jumla ya pembeni ili ailinganishe na kilichomo sandukuni ataielewa mantiki hii mara moja. Ukikagua kila baada ya hatua milioni 1, unalipa hatua 1,000 za ukaguzi na vizidisho 1,000 vya pembeni, jumla asilimia 0.2 ya kazi. Kosa likionekana, programu inarudi kwenye faili la mwisho lililokaguliwa na kuendelea kutoka hapo. Njia ya Lucas na Lehmer haiwezi kukaguliwa hivi, kwa sababu ile 2 inayotolewa kila hatua inavunja uhusiano wa mazao. Ndiyo maana leo GIMPS hupima kwanza kwa Fermat, na ikipata dalili nzuri ndipo inatumia ile ya Lucas na Lehmer kuthibitisha. Dublin kwanza, San Antonio baadaye.

Mwaka 2020 likaja la pili. Krzysztof Pietrzak alikuwa amechapisha mwaka 2018 namna ya kuthibitisha mnyororo mrefu wa hesabu kwa cheti kifupi, akiwa na malengo mengine kabisa. Watu wa namba tasa wakakichukua. Programu sasa inahifadhi vituo kadhaa vya njiani, na mwishoni inatoa cheti kinachomwezesha mkaguzi kufanya sehemu ndogo tu ya kazi. Tupige hesabu kwa namba ya Durant. Thamani moja ya kituo ni biti milioni 136, yaani MB 17. Ukitumia vituo 256 unahitaji nafasi ya GB 4.4 kwenye diski wakati wa kazi. Cheti chenyewe kina thamani tisa za MB 17, jumla MB 153. Mkaguzi anafanya hatua takribani 532,000 badala ya milioni 136. Ukaguzi uliokuwa ukilipiwa bei nzima sasa unalipiwa chini ya nusu ya asilimia moja.

Turudi chini ya Mlima Meru na tuseme kwa shilingi. Tuseme una GPU inayokula wati 250 na kumaliza jaribio moja la saizi hii kwa siku mbili. Hizo ni uniti 12 za LUKU. Kwa bei ya T1 ya mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, jaribio moja linagharimu shilingi 3,504. Ni bei ya chakula cha mchana. Lakini uwezekano wa namba moja ya saizi hiyo kuwa tasa, hata baada ya kuzichuja zenye vigawo vidogo, ni kama 1 kwa milioni. Zidisha: umeme wa shilingi bilioni 3.5 kwa kila namba tasa unayoweza kuitarajia, kabla ya kununua kadi hata moja. Zawadi ya GIMPS aliyostahili Durant ni dola 3,000. Ile ya Electronic Frontier Foundation, dola 150,000, inasubiri namba ya tarakimu milioni 100, na kila jaribio la saizi hiyo ni kazi mara sita hivi ya lile la Durant. Kwa hiyo anayekushauri utafute rekodi ukiwa Arusha hajakupigia hesabu. Taasisi ya Nelson Mandela (NM-AIST) ya Tengeru ilipata kompyuta kubwa ya jamii ya PARAM kutoka taasisi ya C-DAC ya India. Mashine ya aina hiyo ina kazi za maji, hali ya hewa na magonjwa zinazoingoja, na kuifungia kwenye bahati nasibu ya rekodi kungekuwa matumizi mabaya.

Mazingira yetu, kwa upande mwingine, yanafaa sana kuwa uwanja wa kuzijaribu programu hizi kwa ugumu. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora kwa siku kadhaa. Programu inayodai kuwa inaweza kuzimika katikati ya kuandika faili la akiba na bado isipoteze kazi, hapa itapata mtihani halisi. Je, faili likiwa nusu limeandikwa, inalitambua na kurudi kwenye lililotangulia? Je, ikikosa mtandao wiki nzima inaendelea na kazi na kutunza cheti? Maswali haya yanajibiwa kwa majaribio yenye nidhamu na ripoti nzuri kwa waandishi wa msimbo. Ni kazi ya kweli katika uhandisi wa programu, na waandishi wenyewe ni wachache kiasi kwamba ripoti moja makini haipotei.

Kuna faida ya haraka pia kwa mafundi. Kompyuta nyingi zinazouzwa Arusha ni za mtumba, na mnunuzi huwashiwa, akaona picha, akalipa. Prime95 ina kipimo cha kuitesa mashine kilichotokana moja kwa moja na kazi ya namba tasa: inarudia hesabu ambazo majibu yake yanajulikana na kuyalinganisha. Ikikwambia makadirio yamefika 0.5 wakati ilitarajia chini ya 0.4, ni ile nusu ya hatari niliyoieleza, na mashine hiyo ina kasoro hata kama inawaka vizuri. Hesabu za namba tasa zimewahi kuwaumbua watengenezaji wakubwa. Mwaka 1994 Thomas Nicely, akihesabu namba tasa pacha, aligundua kosa la kugawanya ndani ya Pentium, na Intel ikatenga dola milioni 475. Mwaka 2016 Prime95 ilifichua hitilafu ya prosesa za Skylake, na Intel ikatoa marekebisho. Fundi anayeiacha mashine kwenye kipimo hicho usiku kucha kabla ya kuiuza anampa mteja kitu ambacho risiti haiwezi kumpa.

Na utafiti wenyewe? Mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, wa IIT Kanpur nchini India, walithibitisha kwamba utasa unaweza kuamuliwa bila bahati nasibu na kwa muda unaokua kwa kiasi. Swali hilo lilikuwa limewashinda wakubwa kwa miongo. Kayal na Saxena walikuwa ndio kwanza wamemaliza shahada ya kwanza. Njia yao ni ya polepole mno na waandishi wa programu hawaitumii, lakini hoja yao ni kurasa chache na zana zake kuu ni za aljebra ya chuo kikuu. Kanpur haikuhitaji ghala la GPU kwa kazi hiyo.

Ombi langu kwa walimu wa Tengeru, wa Chuo cha Ufundi Arusha na wa vyuo vingine vya mkoa huu ni moja. Mwanafunzi anapoleta mradi wa usimbaji fiche au wa namba kubwa, msimpe alama kwa kasi peke yake. Mpeni namba ya Arnault ya tarakimu 397 na mumtake aonyeshe programu yake inaikataa. Ichomoeni mashine yake kwenye umeme katikati ya hesabu na mtazame inaporudi inasema nini. Badilisheni biti moja kwenye faili lake la akiba bila kumwambia. Programu ikinyamaza na kuendelea, arudi nayo akaiandike upya. Ikisimama na kueleza ilipoharibika, hiyo inafaa kutumwa kwa wanaotunza programu kama GMP, PARI/GP au Mlucas, ikiwa na jina la chuo chake.